Foleni Chini ya Skrini

"Hapana. Na usinirudishe nyuma."

"Mama, hujaniacha hata nimalize sentensi."

"Nimeshaimaliza mimi. Hiyo ndiyo kompyuta pekee ya duka hili, na huo mfumo wako ni wa majaribio. Kajaribie kwa jirani."

"Jirani anauza viazi."

"Basi jaribu kwenye viazi."

Ezron akaangua kicheko huko kwenye benchi. Nilimgeukia, akajifanya anafuta matope kwenye buti. Yeye ni dereva wa bodaboda, na alikuwa anasubiri kadi za sendofu ya dada yake, anayeagwa kwenda kuolewa. Mteja anayesubiri ana haki ya kukaa, hana haki ya kucheka.

Steshenari yangu iko Ibighi, hapa Tukuyu, chumba kimoja: kompyuta, printa, mashine ya fotokopi, benchi la wateja, na ndoo pale panapovuja. Nina stashahada ya uhazili na duka hili nimeliendesha tangu Rukia yuko darasa la pili. Sasa Rukia anasoma kompyuta chuoni Mbeya. Alikuwa amekuja likizo fupi na habari moja tu mdomoni: mfumo endeshi mpya wa kompyuta ambao haujatoka bado, utatoka mwakani, lakini wanafunzi wamepewa toleo la majaribio. Unakula memori kidogo. Unafanya hivi, unafanya vile. Nilisikia habari hizo kwenye chai, nikazisikia tunafua, nikazisikia hadi ninatawadha.

Siku mbili nilivumilia. Asubuhi hiyo uvumilivu uliisha, kwa sababu dada Esnath alikuwa amekaa pale benchini, mwavuli wake ukichuruzika sakafuni, na kompyuta yangu ilikuwa imeganda.

Esnath ni mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wanaolima kahawa Masoko. Saa nane mchana wanunuzi walikuwa wanakuja kuwatembelea. Siku hiyo hiyo wangepita kwenye vikundi vingine viwili, halafu jioni wangechagua kikundi kimoja cha kununua kahawa yake msimu mzima. Esnath alitaka wageni hao wakiondoka kwake waondoke na kijitabu mkononi, chenye picha za mashamba, za akina mama wakichambua kahawa nyekundu, za vichanja vya kuanikia. "Watu wanasahau maneno," aliniambia wiki iliyopita. "Lakini picha ikikaa kwenye mfuko wa koti, itatoka jioni wakati wanaamua." Nilimpenda kwa maneno hayo. Nilikipanga kijitabu vizuri. Zilibaki picha za ukurasa wa katikati, alizozileta asubuhi hiyo kwenye simu yake, na kuchapa.

Nilipofungua kijitabu, mshale uligeuka kiduara, kiduara kikaanza kuzunguka, na hakikuacha.

"Mama Rukia," Esnath akaniuliza taratibu, "hicho kinachozunguka kinatafuta nini?"

"Kinatafuta pa kukaa, shangazi," Rukia akadakia. "Memori imejaa."

"Imejaa nini?"

Rukia akaniangalia mimi. Akaweka kidole chini kabisa ya skrini, pale kwenye mstari wa majina. "Imejaa haya."

Hapo inabidi nieleze, maana mgeni atadhani nimerukwa na akili. Wateja wangu wana tabia moja. Mtu akileta kazi, anataka kuiona iko wazi kwenye kompyuta. Anainama, anasoma jina lake chini ya skrini, anaridhika, anaenda sokoni. Akirudi anainama tena. Asipoliona jina lake, ugomvi: umemweka nyuma, umempa nafasi yake mtu mwingine. Ni kama ndoo bombani. Ukiweka ndoo yako kwenye mstari unaweza kwenda nyumbani ukapika, ukirudi nafasi yako ipo. Ndoo ikiondolewa, nafasi imekwenda. Mimi mwenyewe ndiye niliyewazoesha. Mwanzoni nilikuwa nawaambia, "Usiwe na wasiwasi, kazi yako hii hapa, naiacha wazi." Ikawa sheria. Kwa hiyo kuna kadi za harusi, barua za kuomba uhamisho, risala za mahafali, mihtasari ya vikao vya koo, zote ziko wazi, nyingine tangu wiki iliyopita, na kompyuta siizimi jioni kwa sababu nikiizima nitapoteza mpangilio wa foleni.

"Memori si kabati, mama," Rukia akasema. "Kabati ni diski. Memori ni meza. Umetandaza kazi za Tukuyu nzima mezani, halafu unataka kuweka kijitabu chenye picha kubwa. Kitakaa wapi?"

"Najua memori ni nini. Nilifundishwa kabla hujazaliwa."

"Basi zifunge."

"Usinifunge mimi!" Ezron akaruka kutoka benchini. "Mama Rukia, tangu Jumatatu mimi niko wa tatu. Wa tatu! Ukinifunga naanza moja."

"Kaa chini, Ezron," nikamwambia. "Hakuna anayekufunga."

"Umeona?" nikamwambia Rukia. "Wewe unasoma kompyuta. Kompyuta ya peke yake ni rahisi. Hii ina watu ndani."

Nilitegemea atanuna. Badala yake macho yakamwaka, akavuta kiti karibu.

"Mama. Ndicho ninachokwambia tangu juzi na hunisikilizi. Mfumo mpya haufungi. Unalaza. Dirisha usilolitumia linalala, jina linabaki pale pale chini, kwenye nafasi yake, ila halili memori. Ukiligusa linaamka palepale ulipoachia. Ezron atabaki wa tatu. Ila atakuwa wa tatu aliyelala."

"Mimi nikilala sikoromi," Ezron akasema. "Nipo tayari."

Sikucheka, lakini kitu kilinigusa. Miaka yote nimekuwa nikigombana na mashine au na wateja, mmoja wao, na hakuna aliyewahi kuniambia kuna njia ya kuwaridhisha wote wawili. Ila mimi si mtu wa kuaminishwa na maneno.

"Laptopu yako ina memori kiasi gani?"

"Giga nne. Yako ina nane."

"Na huo mfumo umo?"

"Umo tangu mwezi uliopita. Naandikia kazi zote za chuo."

"Ilete mezani."

Akaileta mbio. Ni laptopu kuukuu, mfuniko wake umefungwa utepe wa gundi, na betri imekufa, haidumu hata dakika bila waya. Nikaiweka kando ya kompyuta yangu. Kisha nikatoa flashi shingoni. Kila jioni nanakili kazi zote za wateja kwenye flashi hiyo na kuivaa pamoja na ufunguo wa duka, kwa hiyo hata duka likiungua mimi naondoka na kazi zao. Rukia akaandika mpangilio wa majina kwenye karatasi, nikaizima kompyuta yangu kwa nguvu na kuiwasha upya ili isije ikasemwa nimeipendelea au nimeionea.

"Sheria ni hizi," nikasema. "Kila mashine inafungua kazi zote za wateja, hakuna kuacha hata moja. Halafu inafungua kijitabu cha dada Esnath. Halafu tunapachika picha zake. Mimi kwenye kubwa, wewe kwenye ndogo. Ikishindwa, sitaki kusikia tena habari za mfumo mpya ndani ya nyumba yangu mpaka Idi."

"Na ikishinda?"

"Shinda kwanza."

Esnath akasimama, akasogeza mwavuli kwa mguu ili aone vizuri. "Gwe Ezron, sogea huko, unanizibia."

Ezron hakusogea, alikuwa ameshageuka mtangazaji. Akashika kiberiti kama kipaza sauti. "Mabibi na mabwana, upande wa kulia ni kompyuta ya Mama Rukia, memori nane, mwili mkubwa, mwendo wa mkokoteni! Kushoto ni kilaptopu kutoka Mbeya, memori nne, kimefungwa bandeji kichwani, mashabiki wake wanaomba dua!"

"Ezron, nitakufunga kweli."

Tukaanza. Nilichomeka flashi kwangu kwanza, nikavuta kazi zote, nikamrushia Rukia flashi. Majina yakaanza kujipanga chini ya skrini zote mbili. Mwanzoni yangu ilitangulia, na nakiri nilifurahi. Mtu anapenda mashine yake. Nilifika katikati ya foleni nikasikia feni yake inaanza kuunguruma. Dirisha lililofuata likachelewa. Lililofuata likachelewa zaidi. Kiduara kikarudi.

Upande wa Rukia mambo yalianza vibaya. Laptopu ilifungua kazi chache ikasita, kimya, skrini haitikisiki.

"Imekufa," Ezron akatangaza kwa huzuni kubwa. "Mchezaji amelala chini, tunasubiri machela."

"Haijafa, inapanga," Rukia akasema. Lakini niliuona mdomo wake, ameubana kama alivyokuwa akiubana akiwa mdogo akisubiri sindano. Kisha akaita kwa sauti, "Tazameni!"

Majina chini ya skrini yake yalikuwa yanafifia, moja moja, kama mtu anayepunguza utambi wa taa. Hayakuondoka. Yalibaki kwenye nafasi zake, rangi tu ndiyo imepungua. Rukia akafungua kidirisha cha pembeni chenye orodha fupi: kila programu na kiasi cha memori inachokula, na mstari mmoja wa kijani unaopanda na kushuka. Kila jina lilipofifia mstari ulishuka. Nilisahau mashine yangu nikainama kwake.

"Rudia. Nionyeshe Ezron."

Akagusa kadi za sendofu. Zikaamka mara moja, maua na yote. Akaziacha, akagusa kazi nyingine, kadi zikafifia tena.

"Wa tatu!" Ezron akapaza sauti akihesabu kwa kidole kwenye kioo. "Nipo wa tatu! Nimelala vizuri kabisa!"

"Na mfumo wenyewe ukikaa bure unakula kiasi gani?" nikauliza.

Rukia akanionyesha. Kisha akageukia kompyuta yangu akafungua orodha kama ile, ya kizamani, na kunionyesha mfumo wangu unakula nini kabla sijafungua hata barua moja. Nikatazama namba hizo mbili. Kumbe siku zote nilikuwa nikilipia meza nzima, na nusu yake mwenye nyumba amejilalia.

"Mbona hukuniambia hivi tangu juzi?"

"Mama!"

"Haya, haya. Kijitabu."

Akakifungua. Kikafunguka. Sitasema kwa kasi ya ajabu, nilikuwa na muda wa kuvuta pumzi mbili, lakini kilifunguka, na mlima Rungwe ukajaa skrini na mashamba ya Masoko chini yake. Esnath akatoa sauti ndogo ya furaha. Kwangu kiduara kiliendelea na safari yake. Rukia akachomeka simu ya Esnath, akaanza kupachika picha za katikati: mama mmoja na kikapu, mikono iliyojaa kahawa nyekundu, Esnath mwenyewe amesimama kando ya kichanja amevaa kitenge kipya, amekunja uso kama anadaiwa.

"Hapo ungetabasamu, shangazi."

"Wanunuzi wanataka mwenyekiti, hawataki bibi harusi."

Rukia akaandika maelezo chini ya picha, mistari minne mitano, Esnath akimsomea. Akaweka nukta ya mwisho. Nikafungua mdomo kusema, "Hifadhi," kama ninavyosema kila baada ya pumzi, na umeme ukakatika.

Giza halikuwa kubwa, ilikuwa asubuhi, lakini skrini zote mbili zilikuwa nyeusi na mvua ikasikika kuliko mwanzo. Mtangazaji akashusha kiberiti chake.

"Ulihifadhi?" nikauliza.

Rukia akatikisa kichwa polepole.

Esnath akakaa. Akafungua kamba ya mkoba wake akaifunga tena. Masoko si mbali, lakini mvua ikinyesha hivyo hata Ezron huendesha kwa adabu, na akina mama walikuwa wanamsubiri kule wamevaa sare. "Labda niwaambie tu kwa mdomo," akasema. Mwanamke aliyezungumzia mfuko wa koti! Niliumia.

Umeme wa kwetu siku hiyo ulikuwa na huruma. Kabla sijatoa simu kutafuta nani ana jenereta, taa ikapepesa, mashine ya fotokopi ikalia, na kompyuta zote mbili zikaanza kuwaka.

Yangu ikaleta maneno meupe ya lawama, eti haikuzimwa ipasavyo, ikaanza kujikagua. Nikaiacha ijikague.

Laptopu ikawaka. Skrini ikaja tupu, picha ya milima tu, na kwenye pembe maandishi madogo: toleo la majaribio. Nikaanza kutengeneza kichwani maneno ya kumwambia mwanangu, makali, ya haki. Kabla sijayatoa, majina yakaanza kurudi chini ya skrini. La kwanza. La pili. Kadi za sendofu. Yote kwa mpangilio ule ule, yamefifia, yamelala. Mwisho likaja moja lenye rangi kamili, na kijitabu kikafunguka chenyewe kwenye ukurasa wa katikati: kikapu, mikono, Esnath na uso wake wa kudaiwa, na chini maelezo yote mpaka nukta.

"Yamo!" Rukia akaruka akagonga ndoo ya mvua. "Mama, hata nukta! Walisema chuoni inajihifadhi yenyewe, sikuwahi kuijaribu umeme ukikatika, nilikuwa naogopa!"

"Yaani hili ulikuwa hulijui?"

"Nilikuwa nimelisoma tu!"

Ezron alikuwa anarusha kiberiti juu na kukidaka. Esnath alikuwa ameshika mashavu kwa mikono miwili. "Ndaga fijo," akasema kwa Kinyakyusa chake, akiiambia laptopu moja kwa moja, kama mtu anayemshukuru mkunga. "Ndaga fijo."

Mimi moyo ulikuwa unanidunda kama msichana. Nitasema ukweli, kitu kipya chenye faida hunifanya nitake kuimba. Lakini kuimba hakuchapi karatasi. Nikachomoa waya wa printa kutoka kompyuta yangu nikauchomeka kwenye laptopu.

"Chapa."

Rukia akabonyeza. Mfumo ukafikiri kidogo, ukaitambua printa, nayo ikavuta karatasi, ikaguna, ikatoa ukurasa mweupe. Mtupu kabisa.

Uso wa mwanangu ukaporomoka. "Labda dereva yake, ile programu ya printa, haijakubali. Mama, ni majaribio, nilikwambia kunaweza kuwa na..."

"Nyamaza. Hiyo ni printa yangu. Kila umeme ukirudi lazima iteme moja nyeupe. Ina miaka inafanya hivyo. Subiri."

Ikavuta ya pili. Jalada likatoka, Rungwe wa bluu, jina la kikundi kwa herufi nene. Esnath akalipokea likiwa la moto akalitia pajani. Ikavuta ya tatu, ya nne. Rukia akawa anapokea, mimi nakunja, Ezron anashikilia stepla kama amekabidhiwa kombe. Nilimwambia akamwashie dada Esnath pikipiki ipate moto, akasema mpaka amalize kubana, maana kitabu hiki na yeye ana mkono wake.

Printa ikiendelea kunguruma, nikageuka kutazama kompyuta yangu. Ilikuwa imemaliza kujikagua. Skrini ilikuwa safi, hakuna hata jina moja chini. Foleni yote imekwenda, kama kawaida ya kila umeme ukikatika, na kama kawaida ningepaswa kuketi mpaka adhuhuri nikiipanga upya huku watu wanagombana nani alikuwa wa ngapi.

"Rukia. Huo mfumo unao hapa, au uko Mbeya?"

Akaacha kukunja. "Ninao kwenye flashi. Kwenye pochi."

"Ukigoma, kuna njia ya kurudi kwenye wa zamani?"

"Ipo. Narudisha mwenyewe."

"Unaondoka Jumapili. Ukigoma, unarudisha kabla hujapanda gari, hata kama gari litakuacha."

"Mama, unasema...?"

"Kazi za wateja ziko shingoni mwangu. Laptopu yako inafanya kazi ya duka mpaka hii iwe tayari. Sasa kama ni kuharibika, iharibike wakati fundi wake yupo likizo nyumbani anakula wali wangu. Lete hiyo flashi."

"Nilidhani utasema tusubiri mwakani utoke."

"Mwakani nitakuwa nimepanga foleni mara ngapi? Lete."

Akamwaga pochi nzima juu ya kaunta. Vitana, chaja, peremende, flashi nyekundu. Nikaichomeka mwenyewe. Skrini ikauliza lugha, nikateua Kiswahili, na nilipoona kimeandikwa vizuri nikampiga Rukia bega. Ikauliza kama nina uhakika.

"Mama Rukia," Ezron akaita kutoka mlangoni, vijitabu ameviingiza ndani ya koti la mvua, Esnath nyuma yake anafungua mwavuli. "Nikirudi kutoka Masoko nitakuwa wa ngapi?"

"Wa tatu," nikasema, na nikabonyeza ndiyo.